Upendeleo wa uthibitisho: unapoona unachokiamini

Ukipenda, chongo utaita kengeza. Methali hii inalielezea vizuri jambo ambalo wanasaikolojia huliita upendeleo wa uthibitisho: tabia ya akili kutafuta, kuona na kukumbuka yale yanayokubaliana na imani tuliyo nayo, na kuyapita yanayoipinga. Huo si uongo. Anayesema kengeza anaona kengeza kwelikweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, alichapisha jaribio ambalo mimi huliona kama kioo. Aliwapa watu namba 2-4-6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Waigundue kwa kutunga namba nyingine tatu tatu, naye awajibu kama zinaifuata au la. Wengi huanza kwa kudhani ni kuongeza mbili kila mara. Mtu akitunga 8-10-12, anaambiwa ndiyo. Akitunga 20-22-24, ndiyo tena. Kila ndiyo inamzidishia uhakika, mpaka anatangaza jibu na kuambiwa amekosea. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Angejaribu 1-2-3, iliyo kinyume na dhana yake, angeshtuka kusikia ndiyo ileile. Hakuna aliyemdanganya: majibu yote yalikuwa ya kweli, ila maswali aliyachagua yeye.

Je, machale? Yakikucheza, unajua jambo kabla hujajua umelijuaje, na sidhani yafaa kuyadharau. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na misimamo tofauti juu ya suala hili, waliandika pamoja mwaka 2009 kwamba hisia ya namna hiyo huaminika pakiwa na mambo mawili: mazingira yenye utaratibu unaojirudia, na nafasi ya kutosha ya kujifunza kwa kuona matokeo. Mchezaji mzoefu wa sataranji anavyo vyote viwili. Anayetabiri siasa za miaka mingi ijayo hanavyo, ingawa uhakika wake moyoni unaweza kuwa uleule.

Ndiyo maana swali la "una uhakika?" halitoshi. Afadhali kuuliza: kama nimekosea, ningetarajia kuona nini, na je, nimewahi kukitafuta? Kwa mtu niliyekwisha kumwita mwongo, jibu langu mara nyingi ni hapana. Nimehesabu kila alipodanganya. Siku alizosema kweli sikuzihesabu.