Kutia moyo si kuhubiri

Dhana: Ukimpa mtu mawaidha mazuri, umemtia moyo.

Ukweli: Chukua kijana wa bodaboda pale stejini Kawangware, Nairobi, amebeti pesa za mwenye pikipiki zikaenda zote. Mzee mmoja anamkalisha chini: "Kamari ni dhambi, wenzako wanajenga." Hajasema uongo, lakini kijana aliyajua hayo kabla ya kubeti. Anaitikia "sawa mzee" huku jicho liko kwenye simu. Kisha mwenzake wa stejini anamuuliza, "Ile wiki ulipitisha bila kubeti, ulifanyaje?" Anafikiri kidogo, anajibu kwamba pesa ya bosi alikuwa akimwachia mama mboga kabla mechi hazijaanza. Hapo sasa pana pa kuanzia, na amepataja mwenyewe.

Dhana: Asiyebadilika hajaambiwa vya kutosha.

Ukweli: Huenda ameambiwa kupita kiasi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa, hupigania kuurudisha, hata kwa kung'ang'ania lile lile analokatazwa. Mwanasaikolojia mwingine wa huko, William Miller, aliyeshughulika na watu wenye shida ya pombe, aliandika mwaka 1983 kuhusu njia nyingine: mshauri aulize na kusikiliza, mwenye shida ataje mwenyewe kwa nini anataka kuacha. Mtu huzisikia sababu zake kuliko zako. (Wajomba wa kuweka watu vikao kila Krismasi, mnisamehe.)

Dhana: Kutia moyo ni kusifu tu.

Ukweli: Sifa nyingine huvunja. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, wakishindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Kwa hiyo mtoto akileta hesabu, mwambie umeona alivyorudia swali la nne hadi likakubali.

Dhana: Basi tusikemee mtu yeyote.

Ukweli: Wapi! Dereva wa matatu anayekata kona upande usio wake Jogoo Road, amejaza abiria, hukatazwa papo hapo. Mambo ya kujidhuru mwenyewe yana subira yake. Ya kudhuru wengine hayana. Mweka hazina wa chama akila pesa za wanachama, anadaiwa, tena kwa tarehe. Maswali ya kumtia moyo yatangoja zirudi.