Ituri na sheria za vita: yanayodhaniwa na yaliyoamuliwa

Husemwa vita havina macho. Risasi ikishatoka haichagui kati ya mpiganaji na mama anayerudi shambani, ni kweli, lakini anayeifyatua anayo macho, na sheria inamshika yeye. Haimuulizi kwa nini anapigana. Inamuuliza anampiga nani, na anampigaje. Vita vya Ituri, mashariki mwa Kongo, vya 2002 na 2003, vilichambuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague katika kesi kadhaa, na humo dhana nyingi tunazozisikia zilipata majibu.

"Mikataba ya Geneva ni ya serikali; waasi hawakusaini."

Mikataba yote minne ya 1949, iliyo msingi wa sheria za vita, ina kifungu cha 3 kinachofanana, kilichoandikwa kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi. Kinaubana kila upande, liwe jeshi la taifa au kundi la msituni: asiyepigana, aliyejeruhiwa na aliyeweka silaha chini hawauawi, hawateswi, hawafanywi mateka. Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda walikuwa viongozi wa wanamgambo. Wote watatu walifungwa.

"Kijiji chenye kambi ya wapiganaji ni halali kupigwa chote."

Hii naiona hatari kuliko zote kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Kijijini Bogoro, kusini mwa Bunia, wapiganaji wa UPC, kundi la Lubanga, walikuwa wameweka kambi katikati ya makazi, kwenye majengo ya shule. Kambi ile ilikuwa shabaha halali. Lakini alfajiri ya 24 Februari 2003 washambuliaji hawakuishia kambini. Walikizingira kijiji, wakaua watu majumbani na waliokuwa wakikimbilia vichakani, kwa risasi na mapanga, kisha wakaswaga mifugo na kung'oa mabati ya nyumba. Bati halipigani na mtu. Machi 2014 Katanga alitiwa hatiani kwa kusaidia shambulio hilo, akapewa miaka 12. Mwaka 2017 waathirika 297 walipangiwa fidia ya dola 250 kila mmoja, kiasi ambacho majaji wenyewe walikiita cha ishara, pamoja na fidia ya pamoja ya makazi, elimu na matibabu ya kisaikolojia.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kudhani kila raia akifa vitani ni uhalifu. Sivyo. Kamanda anayelenga shabaha halisi ya kijeshi, akachukua tahadhari, na madhara anayoyatarajia kwa raia yasipite kiasi yakipimwa na faida ya kijeshi, huenda hajavunja sheria hata kama raia wamekufa. Halipendezi masikioni, na ndiko majeshi mengi hujificha, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

"Hospitali ikitibu wapiganaji imekwisha kinga."

Majeruhi ni mgonjwa, basi. Kinga huondoka pale hospitali inapotumiwa kumdhuru adui, na hata hapo lazima onyo litangulie, na muda wa kulitii. Shambulio dhidi ya kituo cha afya cha Sayo, huko Ituri, ni mojawapo ya makosa yaliyomtia Ntaganda hatiani.

"Mtoto alijiunga kwa hiari yake."

Sheria imetenganisha mambo matatu: kumlazimisha mtoto kuingia jeshini, kumpokea akija mwenyewe, na kumtumia vitani. Akiwa chini ya miaka 15, yote matatu ni uhalifu wa kivita, na ridhaa yake si utetezi. Katika kesi ya Lubanga ilionyeshwa video ya Februari 2003 akiwahutubia makuruta kwenye kambi ya Rwampara. Majaji waliona kwa macho yao kuwa baadhi yao ni watoto wadogo. Hata mtoto aliyewekwa kuwa mlinzi wa kamanda alihesabiwa kuwa ametumiwa vitani. Hukumu ilitoka Machi 2012, kifungo kikawa miaka 14.

"Wapiganaji wangu, shauri langu."

Wasichana waliokuwa ndani ya kundi la Ntaganda walibakwa na kufanywa watumwa wa ngono na wenzao. Utetezi ulidai sheria za vita haziingilii yanayotendeka kati ya watu wa upande mmoja. Juni 2017 majaji wa rufaa waliikataa hoja hiyo, na makosa hayo yakawa sehemu ya hukumu iliyompa miaka 30 mwaka 2019.