Kura za mkatekista zilienda wapi?

Mwezi wa kwanza mwaka 2024, mkatekista mmoja wa Katuba, komuni ya hapa Lubumbashi, Kongo, alinijia nyumbani akiwa na daftari la shule kwapani. Aligombea ubunge wa jimbo (province) la Haut-Katanga, si wa taifa, katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, kwa tiketi ya chama kidogo cha Kikristo. Ndani ya daftari alikuwa ameandika kwa bic nyekundu, kituo kwa kituo, kura alizopata. Alizijumlisha mara tatu mbele yangu. Alikuwa amempita kwa mbali bwana mmoja wa hapa mjini aliyekwisha kutangazwa mbunge. Akafunga daftari, akaniuliza: "Mwalimu, kura zangu zilienda wapi?"

Ninafundisha wagombea na mashahidi wa vyama hapa Lubumbashi tangu 2006. Swali hilo nalisikia baada ya kila uchaguzi, na anayeuliza huwa ameshaamini kwamba ameibiwa. Wizi upo. CENI, tume ya uchaguzi yenyewe, Januari ile ile, ilifuta wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Lakini kwa vyama vidogo vya Kikristo jibu mara nyingi liko ndani ya sheria ya uchaguzi, na linanisikitisha zaidi kuliko wizi, kwa sababu lingeweza kujulikana mapema.

Nilimchorea ubaoni hesabu ya kubuni. Chukua jimbo lenye kura halali 1,500,000. Kwa uchaguzi wa wabunge wa jimbo, sheria inataka orodha za chama au muungano zifikishe asilimia 3 ya kura katika jimbo zima. Hicho ndicho kizingiti, ile "seuil" tunayoisikia redioni. Hapo ni kura 45,000. Sasa mgombea wetu amepata 11,000 peke yake hapa mjini, wenzake wa chama wakamwongezea 4,000. Jumla 15,000. Likasi wamepata 3,000, na Kipushi, Kasenga na Pweto hawakuokota kitu. Chama kina kura 18,000 katika jimbo zima. Hakikuvuka. Zile 11,000 hazihesabiwi tena katika kugawa viti, kana kwamba watu wale hawakupanga foleni.

Linaloniuma ni kwamba hatua inayofuata ingemfaa. Tuseme mji una viti 10, na orodha zilizovuka zina kura 200,000 kwa pamoja. Kila kiti kinagharimu kura 20,000. Orodha yenye 34,000 inapata kiti kimoja na kubakiwa na 14,000. Viti visivyopata mwenyewe hugawiwa kwa kufuata mabaki makubwa, na orodha yenye 15,000 inaingia kwenye ugawaji huo na mabaki yake yote 15,000, ikitangulia mbele ya yule mkubwa. Kwa hiyo utaratibu wa mabaki unamwachia mdogo mlango wazi, ila kizingiti kimekwisha kumzuia nje ya uzio. Na ndani ya orodha iliyovuka, kiti anachukua mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama ni 4,000. Ndiyo maana bwana yule ni mbunge na mkatekista siye.

Alikaa kimya muda mrefu. Mvua ilikuwa inanyesha. Kisha akasema viongozi wa chama hawakuwahi kumweleza hata neno moja la haya. Walimwambia tu "Mungu atafungua".

Nawaambia viongozi wa vyama hivi waziwazi: mlikosea. Sheria ya 2022 ilikwisha kuwaonya, kwa kukataa orodha za chama kisichojaza angalau asilimia 60 ya viti vinavyogombewa. Chama kidogo basi kinatafuta majina ya kujazia: mwalimu wa shule ya Jumapili, mama wa kwaya, fundi cherehani. Kila kiti kinadaiwa dhamana isiyorudishwa, isipokuwa orodha yenye angalau nusu wanawake, ambayo imesamehewa. Akina mama wengi nimewaona wakiandikwa kwa ajili ya msamaha huo, kisha wakaachwa bila hata karatasi moja ya kampeni. Nao walikuwa na siku 15 tu za kampeni, kuanzia tarehe 4 hadi 18 Desemba.

Siasa ya Kikristo nchini kwetu haikuanza jana. Mobutu aliporuhusu vyama vingi mwezi wa nne 1990, PDSC, chama cha Kikristo cha Joseph Iléo, kilikuwa kati ya vya kwanza kujitokeza. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa walitembea na rozari na matawi mikononi kudai mkutano mkuu wa taifa ufunguliwe tena, wakapigwa risasi. Urithi huo ni mzito. Lakini padri wa Katoliki amekatazwa na sheria ya Kanisa kushika cheo cha serikali, na katiba yetu inasema dola halina dini, kwa hiyo mzigo unabaki kwa walei. Mkatekista wangu aliacha kwanza kufundisha mafundisho, kwa sababu paroko alimwomba hivyo.

Baada ya kushindwa, kishawishi ni muungano. Vyama kadhaa vinaunganisha orodha chini ya jina moja, kizingiti kinavukwa kirahisi. Sipingi muungano. Ninataka mgombea aelewe kwamba ndani yake kura yake inamfaa mtu mwingine. Zile 11,000 za watu wa sala zikiingia kwenye orodha ambayo mfanyabiashara fulani ana 13,000, zimemjazia yeye hesabu ya kiti. Mama aliyebonyeza picha ya mkatekista kwenye mashine amemsaidia mtu asiyemjua kuingia bungeni.

Na huko bungeni hawaendi kuomba tu. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta wanne. Wapigakura wa gavana ni wachache kiasi cha kuenea ndani ya ukumbi mmoja, na ndipo bahasha za hongo zinapotembea. Mtu aliyefikishwa pale kwa kura za waumini anapokea bahasha hiyo kwa jina lao pia.

Mkatekista alirudi tena baada ya wiki mbili, safari hii na mke wake. Alikuwa amekwenda kwenye shirika lao, yaani jumuiya yao ndogo ya kusali, akawaomba dakika chache baada ya Injili, akawachorea hesabu ile ile kwa chaki kwenye ukuta wa saruji. Mzee mmoja aliuliza kwa nini hawakuambiwa kabla. Mama mmoja akauliza kama chama kina mtu hata mmoja Kasenga. Hakukuwa na jibu.

Chama kilikuwa kimemwalika kikao cha kuingia katika muungano, na alitaka nimwambie aseme nini. Tulikaa mezani na mke wake, tukaandika maswali matatu ya kuwauliza viongozi: nani wengine watakuwa kwenye orodha ya Lubumbashi, chama kina mashahidi wangapi wa kukaa vituoni mpaka fomu ya matokeo isainiwe na nakala itolewe, na mbunge wa orodha hiyo atamchaguaje gavana. Mke wake aliongeza la nne kwa mwandiko wake mwenyewe: wagombea wanawake watapewa nini cha kufanyia kampeni. Akachana ukurasa ule kwa uangalifu, akaukunja, akaufungia kwenye ncha ya kitenge.