Gesi iliyo kati ya galaksi moja na nyingine tunaipimaje, na tunakosea wapi

Wanafunzi hapa Kigoma wanapenda sana kutuuliza, kama hiyo gesi haionekani nyie mnaipimaje? Jibu fupi ni kwamba hatuiangalii yenyewe, tunaangalia taa iliyo nyuma yake. Taa hiyo ndo kwasari, yaani kiini cha galaksi ya mbali, kuna shimo jeusi linameza gesi na ile gesi inapata joto mpaka inang'aa kuliko galaksi nzima.

Mwanga ukiwa njiani, haidrojeni inaufyonza kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, na kwa vile ulimwengu unatanuka kila wingu la gesi linaacha mstari wake mweusi sehemu tofauti ya spektra (yaani mwanga uliotandazwa rangi kwa rangi), wingu la redishifti 3 kwa mfano (redishifti ni kipimo cha mwanga umevutwa kiasi gani na huko kutanuka, 3 maana yake wimbi limerefuka mara nne) mstari wake unatufikia kwenye nanomita 486 hivi.

Sasa wengi wanadhani kosa ni la darubini. Hapana, kinachotusumbua zaidi ni kukadiria kwasari ilikuwa na mwanga kiasi gani kabla haujafyonzwa. Chukulia uko Kibirizi hapa Kigoma usiku, moshi wa mapori yanayoungua umetanda ziwani, taa za wavuvi wa dagaa zimefifia, utajuaje moshi ni mzito kiasi gani kama hujui taa zenyewe zina nguvu gani? Kwenye redishifti 4 kwenda juu mistari imebanana mno, hakuna kipande kilichobaki safi, kwa hiyo mtu anapitisha makadirio yake kwenye vilele vya mwanga anavyoviona kati ya mistari wakati navyo vimeshapunguzwa, basi gesi inatoka kidogo kuliko ilivyo. Na ubaya wake, hata uongeze kwasari 100 kosa halipungui, maana zote zinavuta upande uleule (kelele za kigunduzi ndo zinapungua ukijumlisha data).

Kuna na mengine. Wingu likiwa zito mstari unagonga sifuri, yaani mwanga wote pale umefyonzwa, ukiongeza gesi zaidi hapo mstari unabadilika kidogo tu, inabidi tuhamie kwenye mstari dhaifu zaidi wa nanomita 102.6. Ukikosea kuondoa mwanga wa anga letu, sifuri yenyewe inahama. Kaboni na silikoni nazo zinajipenyeza zikadhaniwa haidrojeni, ila kaboni angalau inajisema, mistari yake inakuja miwili miwili.

Dawa tunayoiamini zaidi ni kutengeneza spektra za bandia kwenye kompyuta, gesi yake inajulikana, halafu unampa mtu azipime bila kumwambia jibu. Akikosea asilimia kadhaa, ndo tunajua ya kweli turekebishe kwa kiasi gani.