Reli ishang'olewa, utaijuaje njia yake?

Kazi yangu ilikuwa njia ya reli, si kuendesha treni, ni mataruma (vile vipande vinavyolazwa kwa upana chini ya reli), kokoto na bolti, kwa hiyo vijana wa hapa Mombasa wakiniambia waliingia vichakani kutafuta reli ya zamani wasione kitu, huwa nawauliza, kwani mlikuwa mwatafuta chuma? Chuma kishaenda kwa watu wa skrapu kitambo. Angalieni ardhi.

Treni haipandi kilima kama matatu, yataka mwinuko wa taratibu na kona pana, kwa hiyo wajenzi walikata palipoinuka wakajaza palipobonyea. Ukiona tuta refu lenye upana uleule, mbele kidogo likaingia kwenye mkato wa kilima na bado uko levo ileile, hapo ndo penyewe. Fukua kidogo. Chini huku kwetu ni jiwe la matumbawe, jeupe lenye vitundu, sasa ukitoa kokoto nyeusi ngumu zenye makali ujue kuna mtu alizileta.

Mataruma nayo usitarajie mbao tu, reli ya Uganda iliyoanza hapa 1896 ilitumia sana ya chuma kwa sababu ya mchwa. Taruma hilo ni kama karai refu lililofudikizwa, na siku hizi utalikuta limekuwa nguzo ya ua wa mtu au kidaraja cha mtaro.

Ukibahatika kipande cha reli, sugua kutu ubavuni, mara nyingi utapata herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka. Lakini huo ni mwaka reli ilipotengenezwa, si mwaka njia ilipojengwa! Reli ikichoka meni laini, yaani njia kuu, huhamishiwa saidingi, kijia cha pembeni cha kuegeshea mabehewa, na hapo ndo wengi hudanganyika.

Mfano uko hapa hapa. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, IBEA, ilianza kutandika kijireli cha futi mbili kutoka pwani kuelekea bara, hakikufika mbali kikaachwa, na vyuma vyake vikaja kuwa njia za troli kisiwani, vile vigari vya kusukumwa na watu. Yaani chuma kiko mjini, njia iko porini, haya kazi kwako.

Ndo maana nasema beba futi ya kupimia. Pima ndani kwa ndani ya vichwa vya reli: sentimita 61 ni kile kijireli ama troli, mita moja kamili ni reli ya mkoloni, milimita 1,435 ni SGR, ile reli mpya ya Mombasa–Nairobi inayopitisha treni, na hapo toka haraka.

Na hiyo ya mita moja si yote imekufa, abiria walihamia SGR 2017 lakini mizigo bado ipo. Uso wa reli ukiwa wang'aa, treni yapita. Ukiwa kutu tupu tembea, ila kwenye kalvati, ule mfereji wa maji unaopita chini ya reli, usitie mkono, nyuki na nyoka wanapapenda, na bolti iache hapo hapo, ukikamatwa nayo huna la kujitetea.