Je, wajua kwa nini watu wa Lamu walifuga samaki bafuni?

Ukikaribishwa katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu, omba kuchungulia bafuni. Pembeni huenda ukakuta birika: tangi la mawe na chokaa ambamo watu walichota maji kwa kata wakaoga. Ndani waliishi samaki wadogo, na sakafuni mwa birika likapachikwa bakuli la kauri kutoka Uchina. Wageni hudhani ni pambo. Kumbe birika likikauka au likioshwa, maji kidogo hubaki bakulini, samaki wasife.

Na samaki walikuwa na kibarua chao: kula viluwiluwi wa mbu. Yai la mbu huhitaji kama siku 7 hadi 10 tu kufikia mbu anayeruka.

Ubaya wa maji yaliyolala ulidhihirika mwaka 2004. Kulikuwa na ukame, watu wakaweka akiba ya maji nyumbani, yakakaa siku nyingi bila kubadilishwa. Chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu, ikalipuka Lamu: homa kali, na viungo kuuma hata kushika kikombe ni taabu. Uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa watu 3 kati ya 4 waliambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshavuka bahari hadi Komoro.

Mbu mwenyewe ni Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na huuma mchana. Chandarua cha usiku, basi, hakitoshi. Lakini mjanja hasa ni yai lake. Hunata kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na laweza kukaa kavu miezi kadhaa likingoja. Ukimwaga maji na kujaza upya bila kusugua, umelisaidia kuanguliwa. Kwa hiyo kila wiki sugua pipa kwa brashi, hasa pale maji yanapoacha alama, kisha lifunike mpaka pasibaki upenyo. Na lile dumu lililokatwa la kumnyweshea punda? Nalo pia, maana ndilo husahaulika.

Samaki bado wanafaa katika birika la kuogea. Kwenye maji ya kunywa, hapana: hawaui vijidudu vya kipindupindu, wenyewe huyachafua maji, na ukitia klorini watakufa. Ya kunywa yachemshe, uyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na uchote kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji.