Je, wajua kwa nini kipandikizi cha mfupa huvikwa tabaka la kuua bakteria?

Mtu aliyevunjika muundi katika ajali ya pikipiki na kuwekewa chuma ndani ya mfupa huwa hana habari kwamba, tangu dakika ile daktari anapokipenyeza, juu ya chuma hicho mashindano yameshaanza. Seli za mfupa zinataka kushika pale, na bakteria waliosalia kwenye jeraha nao wanapataka papo hapo. Mwaka 1987 daktari Mmarekani Anthony Gristina aliyaita mashindano hayo mbio za kuwania uso wa kipandikizi, na wataalamu wanalitumia jina hilo hadi leo.

Kwamba mfupa unaweza kushikamana na chuma lilikuwa jambo la kushtukiza. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vidogo vya metali iitwayo titani, na alipotaka kuvitoa ili avitumie tena, vilikataa, kwa kuwa mfupa ulikuwa umevikumbatia. Titani ikigusana na hewa hujivika tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache tu, na mwili haulikatai tabaka hilo. Taabu ni kwamba uso unaokubalika kwa seli za mfupa hukubalika kwa bakteria pia.

Wanaosumbua zaidi ni wa jamii ya Staphylococcus, ambao wengi wao huishi kwenye ngozi zetu wenyewe, na kitu kigeni mwilini huwaongezea nguvu mno. Katika majaribio yaliyofanywa London na kuchapishwa mwaka 1957, ngozi ya watu waliojitolea ilihitaji kudungwa bakteria kwa mamilioni ndipo itunge usaha, lakini palipowekwa uzi wa hariri wa kushonea, mamia yalitosha. Wakishapata pa kushika, hujijengea utando wenye utelezi, mfano wa ule ute unaousikia kwa vidole ndani ya mtungi usiosuguliwa siku nyingi. Kuwaua humo huweza kuhitaji antibiotiki kali hata mara 1,000 kuliko kawaida, kipimo ambacho mgonjwa hawezi kukistahimili, na ndiyo maana mara nyingi chuma hulazimika kutolewa.

Basi ni afadhali kuwawahi. Huko Ulaya, tangu katikati ya miaka ya 2000, zimetumika fimbo za muundi zilizopakwa plastiki inayoyeyuka mwilini, iliyochanganywa na antibiotiki iitwayo jentamisini. Sehemu kubwa ya dawa hutoka mapema, wakati bakteria bado hawajajenga utando, kisha tabaka huyeyuka taratibu na kuuachia mfupa nafasi, kwani wenyewe huhitaji wiki na miezi kushika. Kwa maoni yangu, ugumu wote wa fani hii uko katika mpangilio huo wa saa: dawa ikiisha upesi, bakteria waliojificha hurudi, ikivuja kidogokidogo kwa muda mrefu, huwafundisha usugu.

Njia nyingine ni kupaka fedha, madini yale yale ya mikufu, ambayo hutoa ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zinazovuruga ngozi ya bakteria na vimeng'enya vyao, ila zikizidi huumiza pia seli zinazojenga mfupa. Hilo linaonekana wazi kwenye viungo bandia vikubwa vya wagonjwa wa saratani ya mifupa vilivyoanza kutumika Ujerumani: fedha ilipakwa sehemu inayokaa katikati ya nyama, na shina linaloingia mfupani likaachwa bila fedha. Kule Kanazawa, Japani, walichagua iodini, ambayo hupachikwa kwenye vitundu vya tabaka la oksidi lililonenepeshwa kwa umeme.

Wengine wanataka kuachana na dawa kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walieleza jinsi bawa la kereng'ende, lenye vijimiiba visivyoonekana kwa macho, linavyowapasua bakteria wanaotua juu yake, na tangu hapo vijimiiba kama hivyo vimekuwa vikichongwa juu ya titani. Kikwazo ni kwamba mizoga ya bakteria hubaki pale pale na kuiziba miiba, na wanaofuata hutua juu ya mizoga hiyo.